Nilivyoisaidia Nchi ya Watu Kuingia Jumuiya

Jumatatu, 9 Juni

Nyota yangu imewaka. Noela, afisa kilimo, kasema dukani kwa Derick kwamba Jumamosi tunapokea wageni wazito. Wanatoka nchi inayoomba kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hawapokelewi mpaka sera yao ya kilimo ilingane na ya wanachama, na wamekwama kwenye mahindi. Viwango vinataka mahindi makavu, safi, yasiyo na ukungu wenye sumu. Wanatafuta mkulima wa kuwaonyesha.

Derick, mwenye duka la pembejeo hapa Bombambili, akaanza kujitaja. Nikamuwahi. Nikasema Noela awalete kwenye shamba langu la Maposeni.

Sina shamba Maposeni. Shangazi Notburga ndiye analo. Lakini mimi ni mtoto wa kaka yake.

Nchi kama hiyo lazima itahitaji mshauri. Mshauri hupewa gari na kiti cha kuzunguka. Nimemwambia mke wangu, Violeth, aanze kuzoea. Akauliza kuzoea nini. Nikamwambia kuniona kwenye taarifa ya habari. Akasema bomba la uani bado linavuja.

Jumanne, 10 Juni

Maposeni kwa bodaboda. Baridi ya kukata masikio. Nikamwamkia Shangazi shikamoo mara mbili, kwa uzito wa shughuli.

Mahindi yake yameshapukuchuliwa na kukauka, yako kwenye magunia. Tatizo ni mvuto. Yana vumbi! Makapi yamejaa! Tena yeye huanika kwenye mikeka, na wageni wanataka kuona turubai.

Nikamweleza kuhusu sera. Akasikiliza, akasema hicho ndicho chakula cha nyumba yake mpaka mavuno yajayo, wageni wakitaka waje wakitazame kwa macho. Nimemuahidi hakuna atakayegusa hata punje.

Jumatano, 11 Juni

Turubai kubwa za Maposeni ni za jumuiya ndogo ndogo ya kanisani, za misiba na sherehe. Mwenyekiti wake ni Imaculata. Nikaenda kuazima. Akasema ni za wanachama tu.

Nikamwambia mimi ni Mkatoliki tangu kuzaliwa. Akasema ubatizo anaufahamu, ila kwenye sala hanioni, michango sitoi, na mazishini huwa nafika wakati wa chakula. Masharti makali kweli! Nikaomba kujiunga hapo hapo. Nikaahidi sala, michango na misiba yote.

Akauliza nitaanza lini kutimiza. Nikasema kwa awamu.

Akaandika jina langu kwenye daftari la wanachama. Kisha akanipa turubai, kwa sharti kwamba ukitokea msiba nitazibeba mwenyewe hadi kwa wafiwa. Nimekubali. Nani atakufa wiki hii?

Ijumaa, 13 Juni

Shangazi ameondoka asubuhi kwenda Peramiho kumwona Mzee Otto, jirani yake, aliyelazwa. Nafasi hiyo!

Nimemwaga mahindi yote kwenye turubai. Vumbi likapaa. Nikawaza: kigezo ni usafi. Kitu kichafu hufanywaje?

Nimeyaosha. Ndoo kwa ndoo, na sabuni kidogo. Yameng'aa kama meno ya tangazo. Kazi ya mtaalamu.

Jua halikutoka. Litatoka kesho.

Jumamosi, 14 Juni

Jua halikutoka.

Kilichotoka ni habari kwamba Mzee Otto amefariki. Wageni wakiwa njiani, Imaculata akafika na wanajumuiya kuchukua turubai. Akanikumbusha ahadi yangu. Nikamweleza kwamba nchi nzima inanisubiri.

“Na mfiwa je, Urban?” akauliza.

Nikachungulia barabarani kama magari yamefika. Wakasukumia mahindi pembeni kwa upole, wakabeba turubai, wakaondoka. Mahindi yakabaki kwenye tope la maji yangu mwenyewe.

Ndipo magari yakaingia. Mkuu wa msafara, mama mpole mwenye miwani, akayatazama mahindi. Noela akachomeka kipima unyevu. Akakitoa, akakifuta, akachomeka tena. Mama akauliza kama mvua ilinyesha. Nikasema hapana, tumeyaosha, kwa ajili ya kulingana na viwango. Mkalimani akaniomba nirudie.

Shangazi, ambaye hakuwa amerudi nyumbani tangu jana, akatokea msibani, khanga ikiwa kiunoni. Hakupiga kelele. Akachota mahindi kiganjani, akayanusa.

“Umekiogesha chakula changu kama mtoto wa komunio,” akasema. “Sasa nitakula nini, mwanangu?”

Akachuchumaa, akaanza kuyachambua kutoka kwenye tope. Yule mama akavua viatu, akachuchumaa naye. Derick, aliyejialika mwenyewe, akapiga simu zikaletwa turubai kutoka dukani kwake, akavua koti akaanza kutandaza. Msafara mzima ukainama. Mimi nikabaki nimesimama, maana lazima mtu asimamie.

Derick alitaka tu kuonekana.

Jumatatu, 16 Juni

Zaidi ya nusu ya mahindi yameokolewa. Yaliyoota ukungu Noela ameamuru yafukiwe. Hata kuku wasiyaguse. Derick amempelekea Shangazi magunia ya kufidia. Kujipendekeza huko!

Wageni wamemwalika Derick kwao akafundishe wakulima. Imaculata naye ametuma ujumbe kwamba uanachama wangu umesitishwa, na kwamba Mzee Otto alizikwa vizuri bila mimi.

Lakini habari kubwa ni hii. Noela anasema picha ya mahindi yangu itawekwa kwenye mwongozo mpya wa nchi ile, sura inayoitwa “Mambo ya Kuepuka.” Alinieleza taratibu, akidhani nitaumia.

Kuumia? Derick atafundisha siku chache arudi dukani kuuza mbolea. Mimi nimeingia kwenye sera! Siku wakipokelewa rasmi hawataacha kunialika. Nimemwambia Violeth atoe suti ya harusi aipige pasi. Akaniuliza kama nimemwomba Shangazi msamaha.

Nimempigia tangu asubuhi nimpe habari hizi njema. Hapokei. Mtandao wa Maposeni unasumbua sana siku hizi.