Simu ya Eunike Yahamia Ujerumani

Jumatatu, 8 Septemba

Leo nimegundua kwamba tumefungwa. Si mimi peke yangu. Mtaa wetu mzima wa Njoro!

Shemeji yangu Hilda amefika kutoka Ujerumani kwa ajili ya sendofu, sherehe ya kumuaga binti yetu Aikaeli kabla ya ndoa. Wiki iliyopita alitanguliza zawadi kwa mkono wa mtu: simu ya mke wangu Eunike. Simu nyembamba, inang'aa kama sahani ya wageni. Jioni nikaomba niishike kidogo. Nikamtafuta Kinyonga.

Niandike Kinyonga ni nani, maana siku hizi hakuna anayemkumbuka. Ni kivinjari, yaani programu ya kuingilia intaneti. Zamani nilipokuwa na kafe yangu, Kilele Intaneti, kila kompyuta ilikuwa na vivinjari vitatu. Mteja anakaa, anachagua mlango wake. Mzee Hosea hakutaka kingine ila Kinyonga, kwa sababu ya kale kapicha ka kijani kanakozungusha macho ukurasa ukiwa unafunguka. Na kurasa za wakati ule zilifunguka taratibu! Ulipata muda wa kuulizana habari za nyumbani na kumaliza chai. Waongoza watalii walikuja na vumbi la mlimani bado viatuni, wanawaandikia wazungu waliowaahidi viatu vingine. Modemu inaimba. Mungu wangu, ule wimbo!

Sasa chumba kile ni duka la mtindi la Eunike. Linalipa, sikatai. Ila ukutani, chini ya rangi, bado unasoma KILE. Kile nini, wateja wa mtindi hawaulizi.

Basi Kinyonga yumo kwenye simu. Nikampakua, moyo unadunda. Macho hayazunguki! Kila kitu sawasawa na kivinjari kilichokuja na simu. Hilda akanieleza kwamba mwenye kuunda simu hizi haruhusu injini ya mtu mwingine, yaani ule mtambo wa ndani unaofungua kurasa. Weka kivinjari chochote, ndani kinaendeshwa na injini yake yeye. Nikasema hiyo ni sawa na kubandika lebo tofauti kwenye madumu ya mtindi uleule. Akacheka, akasema ndivyo, shemeji, isipokuwa Ulaya. Kule sheria imewabana. Simu inakuuliza yenyewe unataka kivinjari gani, na injini za wengine zimeruhusiwa.

Isipokuwa Ulaya! Sikusikia tena alichoendelea kusema.

Jumanne, 9 Septemba

Nimekwenda Kiboriloni kumringia Sirili.

Sirili alikuwa na kafe mtaa wa pili kutoka kwangu. Kivinjari kimoja tu, kilekile kilichokuja na mashine. Hakuwahi kujisumbua kuweka kingine. Wateja wakamhama wakaja kwangu, kwa sababu binadamu anapenda kuchagua. Leo anauza simu sokoni, kibanda kimejaa makava ya rangi zote, na mimi ndiye ninayepanga madumu.

Nikamwambia nitamfufua Kinyonga mzima, na injini yake, ndani ya simu ya Eunike. Akaendelea kufuta kioo cha mteja. Akasema, kwa lile jina la heshima la kwetu, "Mangi, hiyo simu ina mwenyewe. Na mwenyewe si wewe. Wala si Eunike."

Tutaona!

Alhamisi, 11 Septemba

Mpango ni mwepesi mpaka naona aibu kuuandika. Simu inabanwa kwa sababu inajua iko Tanzania. Basi isijue.

Eunike na Hilda wamepanda Mbokomu kihambani, shamba la ukoo, kuzungumza na mama wa mbege, pombe yetu ya ndizi. Simu imebaki kwenye chaji. Neno la siri ni mwaka aliozaliwa Aikaeli. Nikabadilisha nchi: Ujerumani. Nikabadilisha lugha: Kijerumani. Nikazima kile kinachoonyesha mahali ulipo. Simu ikanisalimia kwa maneno marefu kama treni ya mizigo. Raha! Nikawaza nikifaulu nitapaka rangi upya herufi za ukutani. Watakuja na simu zao, tutazihamisha zote.

Lakini haikuniuliza nataka kivinjari gani. Nikadhani inahitaji kuanza upya. Nikaingia ndani zaidi, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka nikafika kwenye maneno mawili, moja la buluu na moja jekundu. La buluu lilisomeka kama tusi. Nikabonyeza jekundu. Ikauliza tena. Nikabonyeza tena, kwa msimamo. Ikataka neno la siri. Nikaipa.

Kioo kikawa cheusi. Mstari mweupe ukaanza kutambaa. Nikasimama kabisa kumpokea Kinyonga.

Likatokea neno moja: Hallo.

Hakuna picha. Hakuna namba. Hakuna kitu.

Ijumaa, 12 Septemba

Eunike hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu.

Mapatano yote ya sendofu yalikuwa mle: wapishi, mshereheshaji, kwaya. Hayo yatapatikana kwa kupiga simu huku na huku. Lakini mle ndimo ilimokuwa sauti ya marehemu mama mkwe, akiimba wimbo wa kumuaga binti kwa Kichagga. Aliurekodi akiwa kitandani hospitali, mwaka aliotutoka, akasema utapigwa siku ya Aikaeli, kwa kuwa yeye hatakuwepo. Na simu ya zamani ya Eunike haipo. Niliifungua siku tatu zilizopita nione kama betri yake itafaa kwenye redio. Haikufaa.

Yule mama hakuwahi kuniita mkwe. Aliniita "mwanangu". Alikuwa akija kafe siku za soko, anakaa kompyuta ya dirishani, mimi nachapa yeye anasema, barua ndefu za kwenda kwa bintiye Hilda zenye majina ya ng'ombe wote. Akimaliza ananiuliza kama imeshafika. Namwambia imeshafika, mama. Anashangaa kila mara, tena anacheka.

Eunike amesema maneno matatu tu tangu jana: "Nenda kwa Sirili."

Kwa Sirili! Afadhali nitembee peku hadi Tarakea mpakani.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimehangaika mwenyewe. Hilda akanitafsiria lile neno jekundu. Maana yake ni kufuta. La buluu, nililodhani tusi, maana yake ni kuacha. Nikamwuliza kwa nini Wajerumani hawaandiki neno la huruma kwa sauti ya huruma. Akasema nisilete lawama kwa Wajerumani.

Mchana nikakata jani la sale, nikampelekea Eunike kuomba radhi kama wazee wetu walivyofanya. Akauliza nimelitoa wapi. Nikasema kwenye uzio. Akauliza uzio wa nani. Wake. Akalipokea hata hivyo, akaanza kufukuzia nzi juu ya madumu. Kwa mila yetu, ukishalipokea jani umesamehe. Sina hakika mila ilifikiria habari ya nzi.

Jumapili, 14 Septemba

Kanisani nilikaa nyuma. Baada ya ibada Aikaeli akanifuata, akanishika mkono, akasema, "Baba, usijali, tutaimba wenyewe." Hana hata chembe ya hasira. Nikaenda kusimama nyuma ya choo cha kanisa mpaka macho yakauke.

Kesho nakwenda Kiboriloni.

Jumatatu, 15 Septemba

Nilifika nikasimama mbele ya kibanda kama mdaiwa. Nikamweleza Sirili yote. Nikatumia neno "tafadhali", nadhani kwa mara ya kwanza kwake.

Akafunga kibanda mchana kweupe. Akawasha kompyuta yake ya mezani, ile kubwa, mgongo umetokeza, siku hizi hata panya hawaitaki. Akafungua mahali. Sauti ya mama mkwe ikajaa kibandani, na kikohozi chake kidogo kabla ya ubeti wa kwanza.

Nililia. Naandika tu, hakuna atakayesoma.

Kumbe wiki iliyopita Eunike alimletea simu zote mbili, ya zamani na mpya, amhamishie vitu vyake. Akamwomba abaki na nakala ya kila kitu. Sirili akamwuliza kwa nini. Akajibu, "Nina mume." Na Ijumaa alimpigia akamwambia asinipe mpaka nije kwa miguu yangu na niombe vizuri.

Hasira ilitaka kunipanda, ikakosa pa kupandia.

Tukaenda kunywa mbege kwa mama jirani na soko. Kata ya kwanza, bei ya makava. Ya pili, nikamwambia kwamba hata hivyo kwangu watu walipata kuchagua, ndiyo maana walimkimbia. Sirili akaweka kata chini. "Jesse ndugu yangu, walikuja kwako kwa sababu ya maandazi ya Eunike."

Nikakataa. Akaniambia nikumbuke vizuri. Nikakumbuka. Eunike mlangoni na beseni lake, msichana wa kitenge cha njano, kabla hata sijajua jina lake. Foleni. Mafuta kwenye kibodi zote. Nilikuwa nazifuta kila jioni, nikilalamika, nikimngoja aje kesho.

Halafu Sirili naye akafunguka. Akasema alikuwa na Kinyonga kwenye mashine yake mwenyewe. Wateja wakiondoka anamfungua, anamwangalia macho tu. "Wakati ule mashine ilikuwa yangu," akasema. "Ikiharibika, nimeiharibu mimi. Ikipona, nimeiponya mimi. Sasa nauza vitu ambavyo mteja akiniuliza kwa nini haiwezi, namjibu ndivyo ilivyokuja." Akatazama juu, ambako kilele cha Kibo kilikuwa wazi kabisa, theluji imepungua kuliko ile tuliyokua tukiiona.

Kisha tukaigiza mlio wa modemu, wote wawili, kwa sauti, hadi mwenye mbege akatuuliza kama tunaumwa.

Jumapili, 21 Septemba

Sendofu ilikuwa jana. Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, alipita, kwaya ikapita, mshereheshaji akasema mengi kuliko tulivyopatana. Kisha ukumbi ukanyamazishwa na Eunike akainua simu yake kwenye maikrofoni.

Kikohozi kidogo. Ubeti wa kwanza.

Vijana wa mjini hawakuelewa Kichagga, wakalia hivyohivyo. Aikaeli aliegemea kifua cha Hilda. Ronald, mkwe wetu mtarajiwa, alitazama viatu vyake. Nilihisi mkono wa Eunike ukitafuta wangu chini ya meza. Ulinukia maziwa na vanila. Nikamnong'oneza kwamba maandazi yake ndiyo yaliyojenga kafe. Akasema alijua. Akasema anasubiri nijue mimi.

Tulipofika nyumbani akanipa sharti moja, mbele ya Hilda kama shahidi: nisiguse tena simu yake wala ya mtu yeyote mwenye akili timamu. Nikaapa. Niliapa kwa moyo safi. Nimekuwa mtu mwingine.

Jumanne, 23 Septemba

Wazazi wa Ronald wametuletea televisheni. Kubwa, inaingia hadi kwenye intaneti. Nimeikagua asubuhi kwa nia njema. Ina kivinjari kimoja. Kimoja! Kimechaguliwa kiwandani, hakitoki, hakina mwenzake, na ukitaka kuweka kingine inakataa kwa adabu.

Nimesoma sharti upya kichwani, neno kwa neno. Eunike alisema simu. Hakutaja televisheni popote.

Ameshuka mjini kupeleka mtindi, hatarudi kabla ya saa kumi. Mgongoni mwa hii televisheni kuna kifuniko chenye skrubu ndogo, na nyuma yake nadhani kuna tundu la kumwingizia Kinyonga. Nimempigia Sirili. Kwanza akasema hapana, kabisa, nimwogope Mungu. Kisha akauliza skrubu ni za aina gani.

Yuko njiani na bisibisi.