Neno "Na" na Perege Saba

Bulyaga, Tukuyu
14 Juni 1995

Ndugu Mhariri,
Gazeti la Nyanda za Ndizi.

Yah: KUVUNJWA KWA SARUFI NA SAMAKI ALIYEUZWA TUKUYU

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe pamoja na wachapaji wako, ambao katika toleo lililopita waliandika kwamba "wananchi walihudhuriwa na mkutano". Nimewasamehe. Leo nina jambo zito zaidi.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha Kiswahili kwa miaka thelathini na minne, na mpaka leo siwezi kusoma maandishi ya mtu bila kalamu nyekundu mkononi. Jirani yangu Zubery Saad, fundi cherehani ambaye tangu biashara zifunguliwe anauza kila kitu kinachoweza kupakiwa juu ya basi, anaijua tabia hiyo. Mwaka juzi nilisahihisha kibao cha duka lake yeye akiwa bado juu ya ngazi, na hakukasirika. Kwa miaka ishirini tumekunywa kahawa kila alasiri barazani kwake, yeye akishona, mimi nikimsomea gazeti lako pamoja na makosa yake.

Mwezi wa tatu Zubery aliniuzia tangi la kioo na samaki kutoka Kigoma aitwaye bichiri. Ni samaki mrefu kama mwiko wa ugali, mwenye mapezi madogo mgongoni yaliyopangwa kama meno ya msumeno. Kila baada ya muda hupanda juu kuvuta hewa, kisha hushuka bila kumsalimu mtu. Mke wangu, Esnath, alimtazama kwa muda mrefu akasema, "Mwalimu, huyu ni nyoka aliyesomeshwa." Mimi nilimpenda. Nilimtandikia mchanga wa mtoni, nikafunga mimea ya kijito cha Lufingo kwenye mawe kwa uzi wa Zubery, na umeme unapokatika tunalifunika tangi kwa blanketi, kwa kuwa baridi ya mwezi huu unaijua. Kilichobaki kilikuwa kumtafutia wenzake wa kuishi naye.

Hapo ndipo ilipo kesi yangu. Samaki alikuja na kadi aliyoiandika Zubery kwa mkono wake. Kadi hiyo sasa imekunjwa chini ya mguu mmoja wa meza ya tangi ili meza isiyumbe, kwa hiyo nainukuu kwa kichwa, ila nina hakika na kila neno: "Bichiri hula na wenzake wanaolingana naye."

Ndugu Mhariri, sentensi hiyo haina ugomvi. Hula na wenzake: ni samaki wa watu. Wanaolingana naye: ni wa rika lake. Sisi Wanyakyusa hatuhitaji kuelezwa jambo hilo mara mbili. Wazee wetu waliliita ukwangala, yaani watu wa rika moja kukaa pamoja, kuzungumza pamoja na kula chungu kimoja; aliyekula peke yake alitiliwa shaka. Nilimuuliza Zubery umri wa samaki, akasema miezi minne, labda mitano. Nikaenda Nkunga kwa Nsajigwa, mwenye bwawa la samaki, nikaomba perege wa miezi minne kamili. Alinipa saba, kila mmoja na urefu wa kidole cha mwisho, akaniuliza kama nitawakaanga. Nilimjibu kwa ukali kwamba wamealikwa chakula.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Asubuhi ya kwanza perege walikuwa sita. Asubuhi ya pili, watano. Nilidhani wanajificha nyuma ya majani kama mke wa mwana anavyomkwepa baba mkwe, nami nikaheshimu mila nikageuza kiti. Kufikia Jumapili nilifunua kila jani, nikamkuta konokono mmoja tu, ambaye sikumwalika.

2. Bichiri amenenepa. Esnath alimwona aliporudi kanisani akasema, "Mwalimu, wageni wako wamepokelewa vizuri." Kisha akacheka mpaka akatafuta mahali pa kukaa.

3. Kwa hiyo kadi ilisema uongo. Samaki hakula na wenzake; alikula wenzake. Tofauti ni silabi moja, lakini ndani ya silabi hiyo waliishi perege saba. Nilimwendea Zubery nikamwambia mbele ya wateja kwamba ameuza samaki kinyume cha maelezo. Akasema, "Mwalimu wangu, mimi niliandika alivyo. Hata ule mdomo haukukuambia kitu?" Nikamwambia mdomo wa samaki si hati. Akasema, "Basi lete kadi tuisome." Nikaondoka, kwa sababu mwalimu hadaiwi daftari na mwanafunzi.

4. Leo ni siku ya kumi na moja sijaenda barazani. Nakunywa chai nyumbani. Kosa lile la "walihudhuriwa" nimelicheka peke yangu, na kicheko cha mtu mmoja hakifiki hata mlangoni. Suruali yangu ya sherehe bado iko kwa Zubery, mguu mmoja umepindwa na wa pili haujapindwa, na siwezi kuifuata. Zaidi ya hayo, nimeambiwa kwamba ameacha kigoda changu pale pale na hamruhusu mtu mwingine akikalie, jambo ambalo nimelitafakari na kuliona kuwa ni uchokozi.

5. Suala hili sasa limewazidi perege. Biashara imekuwa huria, nami sipingi. Sabuni tunaipata bila foleni. Lakini ni nani aliyetangaza kwamba sarufi nayo ni huria? Leo muuza samaki anatia "na" pasipostahili. Kesho muuza mbwa ataandika "huuma na wageni", nasi tutabaki tukijiuliza mbwa na wageni wanamuuma nani. Keshokutwa muuza dawa ataandika "huua minyoo na watoto", na wilaya nzima itabaki na wazee na konokono.

Kwa hiyo naomba kwa heshima mambo matatu. Kwanza, mtu yeyote asipewe leseni ya kuuza kiumbe hai kabla ya kufaulu mtihani wa sarufi, ambao nitautunga na kuusahihisha mwenyewe bila malipo. Pili, Zubery awe wa kwanza kuufanya, akikaa peke yake. Tatu, gazeti lako lichapishe kadi hiyo kwa ukubwa wa ukurasa mzima, ili Rungwe yote izione herufi mbili zilizoangamiza perege saba. Nimemwomba Esnath aitoe chini ya mguu wa meza, nami naiambatanisha kama ushahidi. Bichiri mwenyewe simshtaki. Hajui kusoma.

Nisalimie mkeo, watoto, na wachapaji wote. Yule wa "walihudhuriwa" mwambie namwombea.

Wako katika lugha sanifu,

Mwalimu (mstaafu) Anyelwisye Ambindwile

Nyongeza: Esnath ameitoa kadi. Zubery aliandika kwa wino wa buluu: "Bichiri hula wenzake. Apewe wanaolingana naye ukubwa." Neno "na" limechomekwa juu ya mstari kwa wino mwekundu. Nukta, "apewe" na "ukubwa" vimekatwa kwa wino huo huo, na pembeni pameandikwa: "Maneno ya ziada. Alama 4/10." Mwandiko naufahamu. Hata mkia wa ile nne ni wa nyumbani kwangu.

Tafadhali usiichapishe barua hii. Ikiwa herufi zimekwisha kupangwa, ondoa jina langu, uache alama za uandishi kama zilivyo. Nsajigwa nimempelekea ujumbe aniletee perege wawili wenye upana wa kiganja, umri wowote. Ile nne nimeifuta, nikampa Zubery kumi. Sasa ni alasiri; nachukua kadi na mkungu wa ndizi, na kalamu nyekundu naiacha kwa Esnath. Nakwenda kunywa kahawa na Zubery. Hiyo "na" naomba isiguswe.