Baba Anayesema Mwenyewe

Jumatatu, 3 Juni

Nimepoteza neno katika nyumba yangu. Lilipotea jana Jumapili, baada ya misa ya pili, mbele ya familia yote. Wamekata shauri: Jumamosi wageni wakija kumposa binti yangu Mireille, msemaji wetu ni Polycarpe.

Tena Polycarpe! Kaka ya marehemu mke wangu Euphrasie, mwalimu wa sekondari kule Nyantende. Eti ni juu ya Kiingereza. Mardochée, mchumba wa Mireille, mama yake ni wa Kalehe lakini baba yake ni Mganda, na tonton, ndugu ya baba, atakayeongoza wageni kutoka Kampala hajui Kiswahili. Polycarpe atamweza.

Kwa ndoa ya Madeleine, binti yangu wa kwanza, alisema yeye pia. Alisema vizuri kupita kiasi. Watu wakatoka wakimshukuru yeye. Mimi niliyemlea msichana, nilikuwa napanga viti.

Mimi nilianza na sahani moja ya misumari, chini, barabarani Kadutu. Leo nina duka: misumari, mabati, rangi. Hakuna aliyenisemea. Kiingereza nacho nitakipata kabla ya Jumamosi.

Jumanne, 4 Juni

Nimempata mwalimu: Elodie, jirani, anatafsiri katika shirika moja. Ameapa hatamwambia mtu.

Kiingereza kina nyakati tatu, na kila wakati una namna nne. Nikatoa jibu mbele yake: kumi na mbili. Akashangaa kwamba nahesabu haraka. Mimi nilishangaa zaidi. Kumi na mbili za nini? Nikamwuliza zipi zinatembea sana sokoni. Akasema ule uliopo, wa kawaida, na ule ujao. Nimechukua hizo mbili. Uliopita nimeuacha. Mali ya zamani inalala tu dukani.

Tena huko nyuma ndiko kuna fujo. Leo mtu anaitwa go. Jana alikuwa went. Akiisha kwenda kabisa, ni gone. Mtu mmoja, vitambulisho vitatu! Pale mpakani Ruzizi wangemlaza ndani.

Jumatano, 5 Juni

Leo aina za vitenzi. Kuna vya kufanya kazi: kuleta, kubeba, kulipa. Kuna vya kukaa tu: kujua, kupenda, kuwa. Elodie anasema hata hivi vina kazi yake. Nikamwambia dukani kwangu pia niliwahi kuwa na kijana wa namna ile, anakaa juu ya mfuko wa sementi, anapenda kila mtu. Nilimfukuza. Nimebaki na vya kubeba.

Mwishoni alitaka nijaribu ule uliopita hata mara moja, nitunge sentensi moja juu ya nyumba yangu na watu wake. Nikasema nimechoka. Akafunga kitabu bila kuuliza.

Alhamisi, 6 Juni

Mpango umekamilika. Nimempigia Polycarpe: wageni wamesogeza saa, aje saa kumi. Wageni wanafika saa nane. Saa mbili kwa mtu aliyejijenga ni nyingi sana. Alinishukuru kwa kumjulisha. Shauri yake.

Mireille anapima mapazia ya Kampala kwenye dirisha letu. Nikamwambia dirisha la kule halilingani na hili. Akajibu yanalingana, Mardochée alimtumia vipimo.

Jumamosi, 8 Juni

Walifika saa nane kamili. Mama yake Mardochée aliweka katikati bidoni ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Haifunguliwi mpaka pande zote mbili zipatane. Msemaji wao, tonton mwenyewe, akasimama, akauliza kwa heshima msemaji wa nyumba hii ni nani.

Nikasimama mimi.

Chumba kizima kikageuka kuniangalia. Nikadhani ni heshima. Nikamwelekea tonton, nikashusha Kiingereza chote nilichonacho. Ninyi mnaleta. Mimi nachukua. Yeye anaenda. Kesho mtalipa, kesho kutwa atabeba. Hakuna kosa hata moja, nina hakika. Tonton akatikisa kichwa polepole, akaangalia mlango, kama anangojea mtu mwingine aingie.

Mama yake Mardochée ndiye aliyesema.

"Papa Télesphore, baba mwenyewe haseme. Baba anakaa. Tukigombana leo na wewe, kesho tutapita kwa nani? Na upande wa mama ya mutoto, iko wapi?"

Nikamwambia upande wa mama umechelewa.

"Basi tutarudia siku mutapata mutu."

Wakaondoka na bidoni yao. Haikufunguliwa. Saa kumi Polycarpe akaingia amevaa koti, akakuta viti vitupu. Mireille alikuwa anakunja pagne, kitenge chake kipya.

"Papa, sema tu. Ulikuwa unataka waende."

Nikasema hapana. Kisha nikaenda kupanga viti. Niliporudi, alikuwa amekwenda Nyantende na mjomba wake.

Jumatatu, 10 Juni

Polycarpe alipita asubuhi. Hakufoka. Hilo ndilo liliniudhi. Anasema wageni bado wako mjini mpaka Jumatano, ameongea nao, watarudi kesho jioni. Anaomba kitu kimoja. "Beau-frère, shemeji, kaa kimya siku moja tu. Mutoto aolewe."

Kimya! Nimefikiri sana, nimeona kosa liko wapi. Nyakati mbili juu ya kumi na mbili: moja ya sita. Nani anajenga nyumba na moja ya sita ya mabati? Elodie anakuja kesho saa saba na zote kumi zilizobaki, hata zile za nyuma. Jioni nitasimama tena, Mireille akikubali.

Nimemtumia Mireille ujumbe huu:

"Binti yangu, sitaki kuzunguka. Kesho nani aseme, mimi ao mjomba wako? Usimpe simu yeye, nijibu wewe. Na maneno hayo yakiisha, siku zilizobaki kabla ya Kampala, unarudi kulala hapa nyumbani ao haurudi? Ndiyo ao hapana. Kesho Jumanne, kabla ya saa sita."