Nani Alipiga Dawa Mizabibu ya Secondo

Jumanne, 4 Machi
Daktari Ilaria amekuja kutoka chuo kikuu kumhoji Secondo, swahiba wangu wa tangu utotoni. Ugonjwa wake unaua neva zinazoamrisha misuli. Mikono imeshagoma, sasa ulimi nao unaanza kuburura maneno. Ilaria anatafuta chanzo. Dawa za mizabibu? Mipira ya kichwa? Uyoga? Humuuliza mgonjwa na mzima wa rika lake wa kijiji hichohicho, kisha hulinganisha. Delfina, mke wa Secondo, akamwambia anichukue mimi, shemeji yake, maana mimi mvivu hata wa kuugua mafua. Nimechaguliwa! Gualtiero wa duka la mikate amenuna. Alishapiga pasi shati.

Jumatano, 5 Machi
Tatizo. Mimi na Secondo tumeishi maisha yaleyale. Mizabibu ileile, bomba moja la dawa tukibeba kwa zamu. Timu moja. Uyoga wa sufuria moja. Nikisema kweli tutalingana, na mchawi hatapatikana. Na Secondo anataka kujua. Juzi nikimlisha polenta, ugali wa kwetu, aliniuliza kwa nini yeye, si mimi. Bila kinyongo, kama mtu anayeuliza mvua itanyesha lini. Nikashindwa kumeza, na polenta ilikuwa mdomoni mwake.
Mpango: nitakana kila kitu. Yeye kapitia yote, mimi safi. Tofauti itang'aa, chanzo kitakamatwa. Mimi hatari!

Alhamisi, 6 Machi
Nimehojiwa. Tai shingoni. Dawa? Sijawahi hata kuinusa. Mpira? Nauogopa. Uyoga? Kwenye picha tu. Mvinyo? Kanisani, tena anakunywa padri. Ilaria alinitazama muda mrefu. Heshima, bila shaka.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa! Secondo naye amekana kila kitu. Hajashika bomba, hajagusa mpira. Ilaria akamgeukia Delfina: mizabibu ile miaka yote alikuwa anaipiga dawa nani? Delfina akajibu kwamba kwa maelezo ya mabwana hawa, itakuwa ni yeye na Mtakatifu Yosefu.
Tukawekwa mezani kama watoto walioiba jamu. Mimi niliungama haraka. Secondo alichelewa, maneno yake siku hizi yanatoka moja moja. Alisema aliogopa kwamba ikionekana ni dawa, mimi ningeanza kuchunguza vidole vyangu kila asubuhi nikingoja zamu yangu. Kwa hiyo akaificha.
Bwege mkubwa huyu! Nikampiga begani. Polepole. Delfina akaaga kwamba anakwenda jikoni kukata vitunguu. Sikusikia kisu.
Ilaria hakufoka. Alisema wazee wangu, uongo wa mapenzi nao unaharibu hesabu. Akasema na neno gumu zaidi: kwamba anahitaji mamia ya watu, na hata akifanikiwa, huenda asiweze kumwambia Secondo kwa nini yeye. Secondo akasema, basi waambie watakaofuata.

Jumamosi, 8 Machi
Tumeanza upya, kwa ukweli. Secondo anakumbuka kila kitu: rangi ya kopo la dawa, upepo wa siku ile. Mimi sikumbuki hata kama tulivaa glavu. Ilaria akaeleza kwamba ndivyo ilivyo. Mgonjwa ameyapekua maisha yake yote akitafuta sababu, mzima hana haja. Mwishowe wagonjwa wanaonekana kama wamekutana na sumu nyingi kuliko wazima, kumbe pengine wameikumbuka tu. Shida hiyo inamnyima raha. Maskini binti wa watu. Secondo akanitazama. Nikamtazama.

Jumatatu, 10 Machi
Wiki ijayo Ilaria atahoji wazima wengine wa kijiji. Hatasumbuka tena. Jana baada ya misa niliwakusanya wote kwa Secondo. Yeye anasema neno kwa neno, mimi narudia kwa sauti, wao wanakariri: kopo la bluu, upepo wa mashariki, glavu hakuna. Gualtiero, ambaye hajawahi kumiliki hata mche mmoja wa mzabibu, anakumbuka vizuri kuliko wote. Delfina anasema tutafungwa. Nimemwambia shemeji, sayansi ina wenyewe. Secondo alicheka mpaka ikabidi ashikwe asidondoke kitini, kisha akaomba turudie, tuanzie kwenye upepo.