Mashimo Yetu na Chokaa ya Shemeji

Jumatatu, 3 Februari

Kamati ya madiwani inakuja Ijumaa! Nieleze vizuri, maana shajara isiyoeleweka ni karatasi tu. Fedha za mwaka huu zinatosha barabara moja. Ama yetu ya kwenda Kimamba, ama ya Kidodi wanakopita malori ya miwa. Tukikosa, nyanya za mke wangu Hildegarda zitaendelea kufika gulioni zikiwa rojo. Anayewapigia debe Kidodi ni shemeji Fortunatus, mdogo wake Hildegarda. Amenipigia simu kunicheka. Eti mwalimu mstaafu nianze kutafuta punda.

Jumanne, 4 Februari

Mkakati! Fedha hupewa barabara mbovu. Kwa hiyo yetu sharti iwe mbovu kupita zote. Nimemwomba jirani yetu mfugaji, Koileken, apitishe ng'ombe wake kwenye lile dimbwi la njiani, walikoroge. Akauliza kwa nini nisiwaonyeshe tu shimo lililopo, lile lililomeza ndama wake. Nimemfafanulia siasa za bajeti kwa kirefu. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Heshima kubwa.

Jumatano, 5 Februari

Ng'ombe hodari! Tope linafika gotini. Nimepima mwenyewe, kiatu kimoja hakijarudi.

Jioni basi la Mikumi limeleta chokaa, mifuko kadhaa, kutoka kwa Fortunatus kwenda kwa dada yake. Ameona anashindwa, sasa anajipendekeza! Nimemwambia Hildegarda apake choo. Akauliza kama wageni wanakuja kukagua choo. Nimecheka sana.

Alhamisi, 6 Februari

Asubuhi nimetangaza pale mashine ya kusaga: wageni wakubwa wanakuja, kila mtu ajitokeze. Kisha nikaja Kilosa mjini. Kesho nitapanda gari la kamati, niwaonyeshe shimo moja moja.

Ijumaa, 7 Februari

Balaa!

Nilimshauri mwenyekiti, Bi Tumwagile, ajishikilie. Gari halikutikisika. Nikasema bado, mbele kidogo. Mbele kidogo mawe meupe pande zote mbili, yamepangwa kama mlango wa kambi ya jeshi! Mashimo yamejazwa changarawe. Dimbwi limefukiwa, na juu yake amesimama Koileken, anapunga fimbo. Vigelegele! Hildegarda ndiye kiongozi.

Nilimvuta pembeni. Akanishangaa.

"Mgeni akanyage tope na mimi niko hai? Hata Fortunatus alinipigia, akanionya tusije tukaaibika."

Bi Tumwagile ametusifu mno. Kijiji cha mfano! Fedha zimekwenda Kidodi.

Jioni ujumbe kutoka kwa Fortunatus: "Shikamoo shemeji. Chokaa ilitosha?"

Nimejibu marahaba. Elimu ni adabu.

Jumapili, 9 Februari

Hildegarda aliuza nyanya zote jana, nzima, hakuna hata moja iliyopasuka. Anaimba tangu asubuhi. Koileken anasema tukijaza changarawe kila baada ya mvua, tutapita mwaka mzima. Nimemsahihisha taratibu: barabara hujengwa kwa mkakati, siyo kwa majembe. Nimemwomba arudishe ng'ombe mapema, tuwe tayari kwa bajeti ijayo.

Baada ya ibada nikasimama kutangaza. Mwakani watakuja wageni wakubwa zaidi, tujiandae vizuri kuwapokea! Makofi mengi. Hildegarda akaninong'oneza kuuliza kama chokaa iliyobaki aitunze.

Nimemwambia aitunze. Choo bado hakijapakwa.