Mkaguzi Aliyepaka Rangi

Siku ile Kauli hakuwa amekusudia kusoma chochote. Aliubandika uso kwenye ubao wa matangazo wa manispaa kwa sababu ng'ambo ya barabara alikuwa anapita mtu mmoja ambaye wiki iliyotangulia Kauli alimuuzia redio isiyo na matumbo. Kwa nje redio ilikuwa nzuri. Mtu mwenyewe alikuwa na mkono mzito. Basi Kauli akasoma, na kwa kuwa yule mtu alisimama kununua gazeti, akasoma mara mbili.

"Kanuni za Utunzaji wa Nyumba za Makazi." Mwenye nyumba afyeke majani. Asafishe gata za paa zisizibe maji ya mvua. Apake rangi kuta zilizobanduka. Ua usiinamie njia. Atakayekaidi atachukuliwa hatua.

Hatua gani, tangazo halikusema, na hapo Kauli akaona mlango umeachwa wazi. Mtu akiambiwa adhabu yake, huipima. Asipoambiwa huijaza mwenyewe, na hakuna hakimu mkali kama roho yenye hofu.

Kesho yake asubuhi alikuwa na kofia ngumu ya manjano, kizibao cha kung'aa, futi ya kupimia, na muhuri aliouchonga mwenyewe kwenye soli ya kandambili. Neno "UKAGUZI" lilitoka "UKAUZI", lakini ukiupiga muhuri kwa pembeni kidogo wino ulifunika aibu.

Alianza na mwenye bucha, mtu wa shingo nene na moyo mwembamba.

"Ua wako umeinama digrii tisa," Kauli akasema, akikunja uso kama aliyefiwa. "Kanuni inaruhusu nne."

Mwenye bucha akachungulia ng'ambo ya ua. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na wa jirani?"

"Wa jirani bado."

"Upime, kaka. Wangu utanisamehe, lakini wa yule upime vizuri. Hata kumi na tano unafika."

Akatoa shukrani mbili za noti zilizofungwa kwenye karatasi ya nyama: moja ya kusamehewa ua wake, nyingine ya kulaaniwa ua wa mwenzake. Jirani, mwenye duka la dawa, naye akatoa mbili kwa sababu zilezile zilizogeuzwa. Hadi saa sita mchana Kauli alikuwa ameuvuna mtaa upande mmoja. Wivu wa majirani ni shamba lisilotaka mbolea.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya ajuza ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi wa Kona.

"Hodi! Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hiyo kofia ya nini, kuna kitu kinaanguka?"

"Usalama kazini, bibi."

Na kweli kulikuwa na kitu kinaanguka: nyumba. Majani yalifika magotini. Gata ilining'inia kama mdomo wa mlevi, rangi ilikuwa imebanduka vipande vipande, na geti lilishikiliwa na bawaba moja na imani. Kauli akazunguka akiandika, akafikisha kasoro kumi na saba. Nne kati ya hizo alizitunga palepale, mojawapo ikiwa "mlango wa nyuma kutazama upande usiofaa."

"Andika zote, usinionee haya," Bibi akamhimiza. "Na uandike kwa herufi kubwa, macho yangu yamechoka."

Kauli akakohoa kikazi. "Bibi, nyumba yenye ilani hii haiuziki, haipangishiki, wala jina la mtu haliandikwi kwenye karatasi zake mpaka kasoro zote zifutwe. Ila sisi ni binadamu. Tunaweza kuongea."

Bibi akajishusha kwenye kiti chake cha barazani.

"Basi imeniharibikia. Nami nilikuwa natafuta mtu wa kumwandika kwenye nyumba hii. Binti yangu ana kwake, ghorofa ya nne, kila siku ananivuta nihamie huko nikakae na lifti mbovu. Hii haitaki. Nikasema, atakayeitunza ndiye nitakayemwandika."

Kalamu ya Kauli ikasimama. "Mtu yeyote?"

"Awe mtu wa kanuni tu. Kama wewe."

Kauli akaisahau shukrani aliyoijia. Alitazama vyumba vinne, kiwanja cha kona, barabara mbili. Tapeli huijua harufu ya kila chambo, isipokuwa kile kilichopikwa kwa jina lake.

"Unaniahidi, bibi?"

"Mbele ya Mungu. Siku kasoro ya kumi na saba ikifutwa, jina lako litaandikwa kwenye karatasi za nyumba hii, na mimi nitatia sahihi."

Kauli akamwita fundi, akasikia bei, akamuaga fundi. Angefanya mwenyewe. Shukrani za mtaa mzima zikageuka rangi, misumari, saruji na gata mpya. Wiki ya kwanza viganja vilitoka malengelenge. Wiki ya pili malengelenge yalipasuka. Bibi alikaa chini ya ngazi na ile orodha mapajani, miwani puani.

"Namba sita, mjukuu wangu. Hapo kwenye kona umeruka."

"Hapaonekani, bibi."

"Mungu anapaona. Na manispaa."

Walipofika kwenye mlango wa nyuma, Kauli alijaribu kujitetea. Alisema kasoro ile ni ndogo, inaweza kusameheka. Bibi akamsomea mwandiko wake mwenyewe, neno kwa neno, akauliza kama kanuni za nchi hii ni za kuchezea. Siku nne Kauli alivunja ukuta, akaziba pengo la zamani, akahamishia mlango upande wa mashariki. Jiko ambalo miaka yote lilipikiwa gizani likaanza kupata jua la asubuhi.

Balaa lingine lilikuja kwa miguu. Mwenye bucha alisimama getini, mikono kiunoni.

"Mkaguzi, mbona uko juu ya ngazi na brashi?"

Ulimi wa Kauli haukuwahi kukosa neno, na hilo ndilo lililomponza. "Ni huduma ya mfano, kaka. Manispaa inaonyesha raia kwa vitendo."

"Kwa waliotoa shukrani?"

Kauli akachovya brashi.

"Maana mimi nilitoa kabla yake," akasema mwenye bucha.

Jumamosi Kauli akaunyoosha ua wa mwenye bucha. Jumapili akaunyoosha wa mwenye duka la dawa, kwa kipimo kilekile hasa, kwa sababu kila mmoja alisimama na futi yake akimchungulia mwenzake.

Siku ya mwisho ya mwezi alikuwa juu ya paa, akipigilia kishikizo cha mwisho cha gata, aliposikia sauti getini.

"Hodi hapa! Mkaguzi wa manispaa."

Nyundo ikabaki hewani. Chini alisimama mtu wa makamo, shati la mikono mifupi, kichwa wazi, faili kwapani. Ngazi ilikuwa upande wake.

"Karibu, mwanangu," Bibi akasema. "Mwezi ndio umeisha. Kagua."

Yule mtu akazunguka nyumba polepole. Akagonga ukuta, akasukuma geti, akaangalia gata. Aliporudi barazani alikuwa amevua miwani.

"Bibi, mimi leo nilikuja kuifunga nyumba hii. Binti yako nimemwambia aje na gari akuchukue. Nani amefanya kazi hii?"

Bibi akaelekeza kidole juu. "Fundi wangu yule."

"Fundi! Shuka kidogo."

Kauli akashuka kama anayeingia kwenye maji asiyojua kina chake. Kizibao kilikuwa kwenye msumari wa mlango, kinang'aa kuliko siku zote. Mkaguzi akakitazama, akamtazama mwenyewe.

"Unavaa kizibao kazini. Vizuri sana. Mafundi wengi hawajali."

Mwenye bucha akapita barabarani, akapaza sauti, "Mkaguzi, salama?"

"Salama!" wakaitikia wote wawili.

Kauli akaung'ata ulimi. Mkaguzi akapunga mkono kwa adabu, akafungua faili.

"Bibi, tia sahihi hapa kwenye 'mwenye nyumba.' Na hapa chini, 'mtunzaji wa nyumba,' anaandikwa fundi. Atawajibika kwa kazi hii miaka miwili. Ikivuja, ikibanduka, ikilegea, ni yeye. Namba ya kitambulisho pia."

Bibi akatia sahihi, akamkabidhi Kauli kalamu.

"Andika, mjukuu wangu. Jina lile la kwenye kitambulisho. Si nilikuahidi litaandikwa kwenye karatasi za nyumba hii?"

Kauli akaishika kalamu. Angesema nini? Kwamba ametapeliwa akiwa kazini? Aliinama akaandika jina alilopewa na mama yake, jina ambalo hakuwa ameliandika kwa miaka, herufi zimepinda kama za mtoto wa darasa la kwanza.

Mkaguzi alipoondoka, Kauli akakaa kwenye ngazi ya baraza.

"Ulijua lini, bibi?"

"Siku ya kwanza. Yule alikuja jana yake na viatu vya vumbi, hana hata kofia. Akanipa mwezi mmoja na kasoro kumi na tatu." Akamsogezea kikombe cha chai. "Wewe ukaja umevaa hivyo, ukanipata na nyingine nne. Nikasema, huyu ndiye mwenye bidii."

Kauli akainywa chai.

Wiki tatu baadaye alikuwa mtaa wa mbali, suruali imepigwa pasi, akimweleza mzee mmoja mwenye duka kuhusu mashine inayogeuza gazeti kuwa sabuni. Mzee alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa kwa kukubali. Wingu likapasuka. Simu ikaita.

"Mjukuu wangu," sauti ikasema, "kuna tone linadondoka juu ya kitanda. Nimwite nani, wewe au yule mwenye faili?"

Kauli akaitazama mvua, akamtazama mzee ambaye mkono wake ulikuwa tayari mfukoni.

"Samahani, mzee wangu. Itabidi nikimbie."

"Sasa hivi? Kuna nini?"

"Nyumba yangu inavuja," Kauli akasema, akaingia mvuani.