Blanketi la Mzee Metro

Jumamosi, 4 Oktoba

Nimeibiwa! Mchana kweupe! Na mwizi ni shemeji yangu.

Leo ilikuwa siku ya kutandika. Kila mwaka, Jumamosi kabla ya mechi ya kwanza ya hoki, Bi Lorna Dyck wa kamati hufungua uwanja wa barafu na watu wa Harrow Lake huingia na mablanketi yao. Mabenchi yetu ni ya mbao, hayana namba. Tiketi ya msimu inakuvusha mlangoni tu. Pa kukaa ni pale ulipotandika, na blanketi likishatandikwa haliguswi na mtu mpaka msimu uishe.

Nikaenda moja kwa moja mahali petu. Benchi la mbele, ubavuni mwa kizimba cha adhabu wanamofungiwa wachezaji waliokosa, chini ya hita pekee inayofanya kazi. Hapo marehemu baba, Mzee Metro Kuzyk, aliwatukana wachezaji wa Copper Falls maisha yake yote, na kazi hiyo nikairithi mimi. Nikakuta blanketi jekundu. Jekundu! Rangi ya Copper Falls! Juu yake ameketi Garth Halvorson, mume wa dada yangu Verna, anatafuna mbegu za alizeti na kutemea maganda kwenye kikombe.

Nikamwambia anyanyuke. Akasema, "Shemeji, si ulipatupa mwenyewe Machi?" Nikamuuliza nilipatupa lini. Akasema mji mzima ulikuwepo.

Upuuzi. Machi tulifungwa na Copper Falls mechi ya mwisho, nami kwa uchungu wa haki nikang'oa blanketi la bluu la baba, nikalirusha kwenye barafu na kutangaza kwamba mimi na timu hii basi. Mashine ya kulainisha barafu ikalipitia na kulitafuna. Niliambulia nusu. Lakini hayo yalikuwa maneno ya hasira! Kila shabiki huiacha timu kila Machi! Nani huamini?

Bi Lorna anaamini. Kasema anayeondoa blanketi kwa mkono wake ameacha mahali, na Garth alitandika lake kabla barafu haijakauka. Mechi ya kwanza ni Ijumaa, tunacheza na Copper Falls haohao. Na Garth, mzaliwa wa Copper Falls, atakaa alipokaa baba yangu! Siwezi. Nitapata mahali pale kabla ya Ijumaa, au nisiitwe Wendell Kuzyk.

Jumapili, 5 Oktoba

Kahawa kwenye duka la ushirika, meza ileile, watu walewale. Maneno yote ni msimu mpya. Garth anasema kipa wetu mpya ni kama mlango wa benki: ukimkaribia tu, anafunguka mwenyewe. Wakacheka. Nikasema wachezaji wa Copper Falls wanajiangusha sana, tuwalipe kwa kutupigia deki. Hawakucheka vya kutosha.

Bei ya tiketi ya msimu imepanda tena. Mama Olga Prystupa, mjane, mwenye mahali pa juu kabisa mlangoni mwa choo, kasema kwa bei hiyo wangemruhusu ampige refa kofi moja, moja tu, siku anayotaka yeye. Hapo wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Yangu ilikuwa bora zaidi.

Walipoondoka nikamvuta Garth pembeni. Nikavaa uso wa huruma. Nikamwambia ile hita ni mbovu, ndiyo iliyomwua baba. Inakausha maji ya magoti. Inaanza na magoti, inapanda. Akashika goti. Akaniuliza kwa nini sikusema mapema. Nikamwambia damu ni nzito kuliko maji, ingawa yeye hana damu yangu hata tone.

Alikwenda zake ameinama. Ameingia! Kesho blanketi jekundu litakuwa limetoka.

Jumatatu, 6 Oktoba

Laana.

Garth hakutoa blanketi. Alikwenda kwa Bi Lorna kumweleza kwamba hita ni hatari kwa umma. Bi Lorna akamwita fundi. Fundi akaifungua, akaisafisha, akabadilisha sijui nini, na sasa ile hita inachoma kama tanuri. Mahali pa baba sasa ni pazuri mara mbili, na mwenye kupafaidi ni Garth!

Mbele ya watu wote akanishukuru. Akasema, "Shemeji yangu ana roho nzuri, basi tu anaificha." Wakanipigia makofi. Nilitamani barafu ipasuke wazame wote.

Mama Olga alishuka polepole kutoka kule juu, akanyoosha mikono chini ya hita na kufumba macho. Akasema tangu Prystupa wake afariki hajawahi kuvisikia vidole vyake vya miguu ndani ya jengo hili. Akasimama pale muda mrefu, anazuia njia. Nikamwambia apishe.

Jumatano, 8 Oktoba

Kazi ya kumwagia barafu maji tabaka la mwisho hufanywa na watu wa kujitolea. Jana nikajitolea. Bi Lorna alinitazama kwa shaka, lakini mikono ilikuwa michache. Mpango: wenzangu wakienda kunywa kahawa, nihamishe blanketi jekundu mpaka juu mlangoni mwa choo, nitandike nusu yangu mahali pake. Ijumaa Garth akilalamika, nitasema labda alisahau alipotandika. Umri huo.

Jioni wenzangu wakatoka. Nikatupa mpira wa maji, nikapanda. Blanketi la Garth zito ajabu, linanuka alizeti. Nikalipeleka juu. Pale mlangoni mwa choo palikuwa na blanketi la kahawia, kuukuu, nikalisukuma kwa mguu. Nikashuka, nikaitandika nusu ya baba chini ya hita. Nikakaa kidogo. Joto! Nikamtukania baba mchezaji mmoja wa kufikirika.

Mlango wa choo ukafunguka.

Mama Olga! Alikuwa amekuja kuongeza mto kwenye mahali pake, kisha haja ikambana. Kasimama juu kule, anaangalia blanketi jekundu, anaangalia lake sakafuni, ananiangalia mimi. Akasema, "We Kuzyk. Baba yako aliiba kwenye karata tangu ujana wake mpaka anakufa. Lakini blanketi la mtu hakugusa."

Nilimwomba tuzungumze kiutu uzima. Akapiga simu.

Bi Lorna alikuja na koti juu ya nguo za kulalia. Hukumu: msimu huu mzima siruhusiwi kutandika popote. Tiketi yangu ni halali, ila nisimame nyuma, karibu na dirisha la chipsi. Kusimama! Mtoto wa Metro Kuzyk asimame kama mgeni! Na mpira wa maji niliouacha wazi umefanya kilima cha barafu mbele ya goli, na hilo nalo nimelaumiwa mimi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sikwenda kunywa kahawa. Nilipita nje tu ya dirisha. Walikuwa wanacheka. Mmoja amejifunika kitambaa cha meza na mwingine anamnyatia. Mbwa.

Alasiri Verna akaja na bakuli la kabichi za kukunja, zile za wali na nyama ndani, na uso wa mama yetu. Nikamwambia kabla hajakaa kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na chake yeye kinaitwa Garth. Nikamwambia mahali pale ni urithi wangu.

Akalipuka. Hajawahi kulipuka hivyo. Akasema urithi wangu peke yangu tangu lini? Baba alikuwa na watoto wawili! Mimi nilikaa chini ya hita nikinywa chokoleti ya moto, yeye akapelekwa juu na mama kwa sababu eti msichana hajui kutukana. Akanionyesha kwamba anajua. Kwa dakika kadhaa alinionyesha.

Halafu akasema jambo la ajabu. Kasema Machi, blanketi likiwa bado linazunguka ndani ya mashine, watu walishaanza kukunja yao wahamie pale. Mama Olga wa kwanza. Garth ndiye aliyeruka benchi akatupa lake, jekundu kwa sababu ndilo alilokuwa nalo. Alikuwa anapashika, anisubiri hasira zinishuke. Alingoja niombe tu.

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Na wewe kwa nini hukuomba? Mtaka cha uvunguni sharti ainame, kaka. Wewe hata shingo hukunji."

Niombe! Nimwombe mtu wa Copper Falls mahali pa baba yangu mzazi! Nikamwambia heri nisimame kwenye chipsi mpaka miguu iote mizizi. Akanyanyuka. Njiani akaiona nusu ya blanketi kwenye kiti, akaichukua bila kuuliza, akaondoka nayo. Wizi wa pili wiki hii, familia ileile.

Kabichi zilikuwa tamu. Simwambii.

Ijumaa, 10 Oktoba

Niandike kwa mpangilio.

Nilikwenda. Sikwenda kwa ajili ya timu, nilikwenda kuona wakiaibika. Nikasimama penye dirisha la chipsi, mchuzi wa chipsi unanirukia kila mtu anapopita. Uwanja umejaa. Timu yetu, Mbwamwitu, wamevaa bluu, Copper Falls wamevaa ile rangi.

Garth akaniita kutoka chini. Nikajifanya sisikii. Akapanda mwenyewe, akanishika kiwiko na kuniteremsha mbele ya watu wote. Benchini hapakuwa na blanketi jekundu. Palikuwa na blanketi la baba. Zima! Verna alikuwa ameiokota nusu ile nyingine Machi, akaificha, na usiku wa jana kaziunganisha kwa uzi mnene wa bluu. Mshono umepinda kidogo. Garth akasema, "Kaa, shemeji. Mimi nitakaa juu na mke wangu." Nikamtazama Bi Lorna. Kainua mabega, kasema mwenye mahali ana hiari na mahali pake.

Nikakaa. Macho yakaniwasha. Ni hita.

Nilitaka kumwambia Garth neno. Lilikuwa hapa kooni kabisa. Lakini refa akapuliza filimbi, na mtu hawezi kufanya mambo mawili.

Kipindi cha kwanza, raha! Bao la kwetu! Mchezaji wao mmoja akaletwa kizimbani, nikamwambia yote ambayo baba angemwambia, mpaka akaomba abadilishiwe upande. Watu wakashangilia. Mama Olga juu kule akapiga kelele kwamba Metro amefufuka. Kipindi cha pili bado tunaongoza. Nilikuwa na furaha. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Zikabaki sekunde chache kipindi kiishe. Kile kisahani kinachopigwa kwa magongo kinateleza polepole kuelekea kipa wetu mpya. Hakuna mtu karibu. Bibi yangu angekidaka kwa aproni! Yule mjinga akatoka golini, akataka kuonyesha ufundi, akampasia mchezaji wa Copper Falls. Golini hakuna mtu. Bao! Honi!

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka nikisema kwa sauti kwamba nimemaliza na timu hii, mimi na kizazi changu. Na nakumbuka kitu cha bluu kikiruka juu ya kioo, kinafunguka hewani vizuri sana, kinatua.

Kipindi kikaisha, nikasikia mashine inatoka kulainisha barafu. Nikapiga kelele. Dereva yuleyule! Hakusimama! Mara hii ilitafuna kwa muda mrefu zaidi.

Nilipogeuka, Mama Olga alikuwa ameshashuka. Sijui alishukaje, kwa magoti yale. Alikuwa ameshatandika lile la kahawia, ameweka mto, ameketi, ameshavua viatu na kuielekezea hita vidole vyake vya miguu. Hakuniangalia. Bi Lorna akasema sheria ni sheria. Juu kule Verna alikuwa amejifunika uso kwa mikono, na Garth amemshika bega.

Tulishindwa pia. Hilo hakuna aliyelizungumzia.

Jumamosi, 11 Oktoba

Hasira bado. Nimetafakari kwa utulivu na nimeona makosa ni ya nani. La kwanza ni la kipa. La pili ni la Garth: mtu anayejua tabia yangu, kwa nini anipe kitu cha kurusha? La tatu ni la Verna, uzi ulikuwa dhaifu. Blanketi limetoka vipande vitatu. Viwili ninavyo. Cha tatu kaokota yeye, na nilipomwuliza kama Jumatatu nije kula bata mzinga wa Sikukuu ya Shukrani, kasema nilete viwili hivyo na niombe msamaha. Nitaleta viwili.

Timu nimeiacha. Kabisa, maisha yangu yote, na safari hii si maneno ya hasira. Ijumaa ijayo wanacheza nyumbani tena. Nitafika mapema kidogo, basi tu. Maana nimekuwa nikimfikiria Mama Olga. Mwanamke wa umri ule, peke yake, chini ya hita kali namna ile. Mtu mwenye roho nzuri angemvuta pembeni amwambie jinsi joto linavyokausha maji ya magoti.